Barua ya wazi kwa Afisa Elimu wa Mkoa: tupe kibali mabinti watoke usiku waone nyota

Mheshimiwa, shikamoo na pole na majukumu. Mimi ni mwalimu wa jografia huku Mbeya, shule ya bweni ya wasichana, na ombi langu ni moja tu, turuhusiwe kutoa mabinti nje baada ya prepo hata mara moja kwa wiki waangalie anga, maana sasa hivi prepo ikiisha ni bwenini moja kwa moja na mlango unafungwa hata kama mwalimu wa zamu yupo.

Kabla hujasema huyu kachanganyikiwa, kuna mama mmoja Marekani aliitwa Maria Mitchell, kazaliwa 1818 kisiwa cha Nantucket, chuo hajasoma, mambo ya nyota kafundishwa na baba yake, mchana mkutubi usiku yuko juu ya paa na darubini. Oktoba 1847 akaona nyota yenye mkia, mfalme wa Denmark akampa medali ya dhahabu. Chuo cha wasichana cha Vassar kilipofunguliwa 1865 akawa profesa wa astronomia pale, na hapo ndo patamu, enzi zile binti kuwa nje usiku ilikuwa aibu lakini yeye akawatoa, sasa nyota utafundisha saa ngapi jamani? 1869 akasafiri na wanafunzi wake hadi Iowa kupima kupatwa kwa jua. Alipojua wanaume wadogo kwake wanalipwa zaidi akadai mpaka akaongezewa (hilo la mishahara tutaongea siku nyingine mheshimiwa).

Sisi huku kuanzia mwezi wa 6 baridi inauma ila anga safi ile mbaya. Kuna siku ya mwezi wa 7 umeme ulikatika katikati ya prepo, tukatoka wote nje, nikawaonyesha Nge, lile kundi la nyota lenye umbo la nge, lipo karibu na utosini, mkia umejikunja juu ya paa la bwalo. Binti wa kidato cha pili anayetaja sayari zote kwa mpangilio bila kukosea akaniuliza, "Kumbe zinaonekana hivi hivi mwalimu, bila mashine?"

Halafu tunakodi basi hadi Ndolezi kule Mbozi wakaguse kimondo, mchana kweupe, wanapiga picha wanarudi, kilikotoka hawajawahi kupaangalia.

Darubini hatuombi. Matroni keshakubali kukaa nao, wazazi kwenye kikao hawakupinga, uwanja una uzio. Mkuu wa shule anasema bila barua yako hafungui mlango, na mwezi wa 6 ndo huo unakuja.