Dawa za mitishamba kwa mbwa wenye saratani zipimwe ipasavyo

Mhariri,

Ushuhuda wa mbwa waliopona saratani kwa majani na magome husambaa haraka kuliko majibu ya maabara. Sisi tunaotibu mbwa hao hatuidharau mimea. Dawa ya vinkristini, tunayoitumia kwa saratani ya tezi za limfu, ilitokana na ua la vinka la Madagaska. Tunachodai ni kuwa dawa hizo zipimwe kwa majaribio ya kisayansi.

Kwanza ithibitike kuwa uvimbe ni saratani, na ya aina gani. Daktari afyonze seli kwa sindano nyembamba au akate kipande kikapimwe, kwa kuwa uvimbe wa mafuta au jipu huweza kumdanganya hata mzoefu. Tena ile saratani ya sehemu za siri ambayo mbwa huambukizana wanapopandana, mara nyingine hunywea yenyewe. Aliyenyweshwa magome wakati huo ataonekana ameponywa na magome. Vilevile prednisoloni, dawa ya steroidi ya kutuliza uvimbe, hupunguza tezi zilizovimba kwa muda, kwa hiyo mwenye mbwa akificha kuwa amempa, jaribio limeharibika.

Dawa yenyewe ijulikane. “Kikombe kimoja asubuhi” si dozi. Andika jina la kisayansi la mmea, sehemu iliyotumika, msimu wa kuvuna, kama ilichujwa kwa maji au kwa pombe, na miligramu za kiambata kikuu (kemikali inayofanya kazi) katika kila mililita. Kila mkupuo wa dawa iliyotengenezwa upimwe sumukuvu (sumu ya ukungu) na metali nzito. Bila hayo, chupa ya leo na ya mwezi ujao ni dawa mbili tofauti.

Mfano mzuri ni dawa ya tigilanoli, iliyotoka katika mbegu za mti wa Fontainea picrosperma wa misitu ya Queensland, Australia. Huchomwa ndani ya uvimbe wa seli za masti, aina ya saratani inayotokea sana kwenye ngozi ya mbwa, nusu mililita kwa kila sentimita moja ya ujazo wa uvimbe. Mbwa hutangulizwa steroidi na dawa za kuzuia histamini, maana seli hizo zikifa humwaga histamini, kemikali ya mzio inayoweza kumwangusha. Uvimbe huoza ukadondoka na kuacha kidonda. Katika jaribio lenye kundi la kulinganisha, sindano moja iliondoa uvimbe kabisa kwa asilimia 75 ya mbwa ndani ya siku 28. Kwa wasiotibiwa ni kama asilimia 5. Ulaya na Marekani ziliiidhinisha mwaka 2020.

Katika jaribio la mitishamba pia, mpimaji wa uvimbe asijue mbwa yupi kapewa nini. Kipenyo kikipungua kwa asilimia 30 au zaidi, dawa imefanya kazi kwa sehemu. Kikiongezeka kwa asilimia 20, ugonjwa unasonga mbele. Damu, ini na figo vikaguliwe kabla na wakati wote wa matibabu.

Mbwa mwenye saratani ya tezi za limfu asiyetibiwa mara nyingi hufa ndani ya wiki 4 hadi 6. Kumnyima tiba inayojulikana ili kujaribu mizizi peke yake ni ukatili. Makundi yote mawili ya jaribio yapewe tiba ya kawaida. Moja liongezewe dondoo la mmea, jingine kimiminika kinachofanana nalo kisicho na dawa.

Madaktari wa mifugo