Nyumba zetu za Kiswahili zinakufa kwa lipu ya saruji

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niseme na wenzangu tunaoipenda Dar es Salaam, hasa wenye nyumba za urithi Ilala, Magomeni, Temeke, na zile chache zilizobaki Kariakoo.

Kwetu tuliolelewa mitaa hiyo, mji ni nyumba ya Kiswahili. Vyumba vitatu kulia, vitatu kushoto, ukumbi katikati, baraza mbele, na uani jiko na choo. Fungua mlango wa mbele na wa nyuma kwa pamoja, upepo wa kusi unapita ukumbini moja kwa moja. Nyingi kuta zake za ndani hazifiki kwenye bati, zimeachwa hivyo ili joto lipande juu lipate pa kutokea. Ndiyo maana mgonjwa akikohoa chumba cha mwisho nyumba nzima inajua, na bakuli la uji linamfikia kabla hajaliomba. Mahali pengine pa kujifunzia ujirani wa namna hiyo sipajui.

Kinachoniuma ni kwamba nyumba hizi zinabomoka kwa sababu ya matengenezo. Mwenye nyumba akipata hela kidogo anaita fundi, ukuta wa udongo na fito unapigwa lipu ya saruji, juu yake rangi ya mafuta, nyumba inameremeta. Baada ya masika moja au mbili, gonga ukuta ule kwa vifundo vya vidole, kuanzia chini, usawa wa goti. Palipo pazima panalia kavu na pazito. Palipoharibika panalia kama mtungi mtupu. Bandua kipande: nyuma ya saruji utakuta udongo umekuwa tope, fito zimelainika unazivunja kwa kidole, na njia za mchwa zimepanda mpaka kwenye boriti.

Sababu ni hii. Ukuta wa udongo unanyonya unyevu kutoka ardhini, kisha unautoa kwa jua na upepo. Saruji inauzibia njia. Tena udongo ukilowa hutanuka, ukikauka husinyaa, na saruji ni ngumu, haiufuati. Panatokea ufa mwembamba kama uzi, na mvua inaingilia hapo hapo. Wazee walipaka chokaa kwa sababu chokaa inapumua pamoja na ukuta.

Basi anayetaka kuiponya nyumba yake aanze kwa kutoa saruji, kipande kwa kipande, kwa tindo na nyundo ndogo. Nyundo kubwa inatikisa fito zilizo nzima. Uache ukuta ukauke wiki kadhaa. Fito zilizooza zibadilishwe. Mikoko haikatwi bila kibali, na mirunda iliyopakwa dawa ya mchwa inafaa. Kandika kwa udongo uliochanganywa na majani makavu yaliyokatwakatwa, maana udongo mtupu utapasuka.

Chokaa ya mifuko iloweke kwenye pipa iwe uji mzito, ikae wiki nzima, maji yakiwa juu yake vidole viwili au vitatu. Ukipata chokaa mbichi, isiyozimwa, tia chokaa ndani ya maji, usimwagie maji juu ya chokaa: inachemka na kuruka, na ikiingia jichoni inapofua. Vaa miwani na glovu, watoto wakae mbali. Kipimo cha lipu ni ndoo moja ya chokaa kwa tatu za mchanga. Mchanga wa pwani usiuguse hata ukipewa bure, chumvi yake inavuta unyevu na lipu itamenyuka ungaunga.

Lowesha ukuta kwanza. Lipu ya kwanza iwe na unene wa sentimita moja hivi, ichore kwa msumari ikiwa bado mbichi, isubiri wiki moja au zaidi ndipo upige ya pili, nyembamba kuliko ya kwanza. Hapa ndipo mafundi wengi wanapokosea, kwa haraka. Chokaa inakauka polepole. Ikipigwa na jua la mchana inapasuka na kudondoka. Tundika magunia yaliyoloweshwa mbele yake kwa siku kadhaa. Mwisho paka maji ya chokaa, mepesi kama maziwa, mara tatu au nne, ukiacha siku moja kati ya mkono na mkono.

Kazi yote hiyo ni bure kama maji ya mtaani yanaingia. Barabara nyingi zimeinuliwa na kifusi na lami mpaka baraza zimebaki chini. Watu wanajaza kifusi ndani, kuta zinafukiwa na kuoza. Chimba mfereji mbele ya baraza, upana sentimita 30, uteremke angalau sentimita moja kwa kila mita. Upenu wa bati utoke sentimita 60 nje ya ukuta.

Ghorofa zijengwe, mji unakua na watu wanahitaji pa kulala. Lakini warithi wanaouza kwa kudhani nyumba ya udongo haitengenezeki, naomba wamwite kwanza fundi anayejua chokaa, waipigie hesabu ya mifuko ya chokaa. Na vyuo vyetu vya ufundi, VETA ikiwamo, viwafundishe vijana kazi hii wangali wapo wazee wa kuwaonyesha.

Ukaguzi wa bati na mifereji ufanyike Februari, kabla ya masika. Lipu ya chokaa ianze Juni, kuta zikishakauka, imalizike kabla ya mvua za vuli.

Fundi mwashi,
Ilala, Dar es Salaam