Kaka, bati saba ziko wapi?

Kaka Shabani,

Shikamoo. Mama nimwamkie, na mguu ukimsumbua apelekwe hospitali, asingoje nipige simu.

Ujumbe wa Baba Mdogo kwenye kikundi cha ukoo niliuona. "Tumeuza ng'ombe wawili mtoto akahesabu dubu Marekani." Mkacheka wote, na wewe ukiwemo. Nilinyamaza. Leo najibu.

Ng'ombe alikuwa mmoja, tena kakonda. Na dubu weusi hawahesabiwi kwa kidole kama kuku wa Mama. Hapa Maine kazi hii ilianza 1975, mimi na wewe hatujazaliwa. Majike kadhaa wamevishwa kola za redio, na kila kipupwe tunafuata mlio mpaka walipolala. Jike huzaa Januari humohumo shimoni, kitoto hakifiki nusu kilo. Tunamdunga dawa ya usingizi, tunahesabu watoto, tunawapima. Baridi ya pili bado analala nao, basi tunarudi kuona nani kapona na nani hayupo. Wawindaji nao huleta kijino kilicho nyuma ya chonge. Kikikatwa na kuwekwa kwenye hadubini kina miduara kama kisiki cha mti, umri unausoma humo.

Mwezi wa tatu nilipewa watoto wawili niwatie ndani ya koti wasipigwe na baridi mama yao akipimwa. Kaka, nimewabeba mimi! Kama kilo mbili kila mmoja, macho ya buluu. Mmoja alinyonya ukosi wa shati langu huku akivuma kama mashine ya kusaga ya kule bondeni ukiisikia kwa mbali. Mkuu wetu akasema nina mkono mtulivu. Baridi yenyewe nimeshaizoea, tuiache.

Zamani walikuwa zaidi wa misitu ya kaskazini. Siku hizi wanateremka kusini, kwani mashamba mengi yaliyoachwa na wazee yamerudi kuwa msitu, na masika yakifika wanavamia mapipa ya taka na vyombo vya kulishia ndege. Jirani yangu Mkongo alimkuta mmoja uani, akanipigia saa nane usiku: "Njoo umchukue ndugu yako!"

Sasa turudi kwetu. Nililipia bati ishirini na nne. Kwenye picha uliyotuma nimehesabu kumi na saba. Nimeikuza picha mara nne, hata zilizofichwa na mwembe nimezitia. Halafu pembeni kuna banda la mbuzi la Baba Mdogo, paa linang'aa kama sinia la harusi. Sisemi kitu. Nataka picha nyingine, ipigwe kutoka upande wa kisima.

Ada ya Zuhura nimeituma kwa namba yake mwenyewe, usiudhike.

Mapeasi ya Bumbuli yameiva? Juzi nilinunua moja hapa, kubwa kama ngumi, ndani maji matupu. Nilikula nusu nimesimama jikoni, nikaliacha.

Mdogo wako,
Idi