Kibao cha Emmett Till kibaki mtoni

Ndugu Mhariri,

Mimi ni dereva wa malori, makao yangu Memphis, na barabara za Delta ya Mississippi nazijua kuliko za kwetu Morogoro. Majuzi kwenye kituo cha mafuta mwenzangu wa kazi, Mkenya, alisema kibao cha kumbukumbu ya Emmett Till kule kaunti ya Tallahatchie kipelekwe makumbusho, kwa sababu kila kikisimamishwa kinapigwa risasi. Neno hilo limenikaa kooni, ndiyo maana nawaandikia.

Kwa wasiojua: Agosti 1955, Emmett, mtoto wa miaka 14 kutoka Chicago aliyekuja likizo kwa jamaa zake, alitekwa usiku na kuuawa kwa madai kwamba alimkosea adabu mwanamke wa Kizungu dukani. Maiti yake iliopolewa Mto Tallahatchie, shingoni imefungwa feni ya mashine ya kuchambua pamba. Mahakamani huko Sumner, jopo la wanaume Wazungu pekee likawaachia washtakiwa wawili baada ya kujadiliana dakika 67. Miezi michache baadaye wakakiri wenyewe kwenye jarida, tena kwa malipo.

Kaunti ilinyamaza miaka 50 na ushee. Oktoba 2007 ndipo watu wake, weusi kwa weupe, walipokusanyika mbele ya mahakama ile ile kuiomba familia radhi. Mwaka uliofuata vikaja vibao. Cha pale mtoni, Graball Landing, kiling'olewa mwaka huo huo. Cha pili kilikutwa na matundu 317. Cha tatu, cha 2018, hakikumaliza hata miezi miwili. Hiki cha sasa, cha Oktoba 2019, ni cha chuma, kina zaidi ya kilo 220, na kimetengenezwa kuhimili risasi.

Nilikwenda kukiona siku ya mapumziko kwa gari dogo. Barabara ya changarawe, mashamba pande zote, kisha miti na maji ya rangi ya chai ya maziwa. Nilikigonga kwa kifundo cha kidole, kikaitika kwa sauti nzito kama mlango wa ghala. Kibao cha kusomwa tu, jamani, kimevishwa kama askari!

Makumbusho huingia anayetaka kujua. Kile chenye matundu kilionyeshwa Washington mwaka 2021, na ni vizuri, lakini aliyekitoboa hakwenda kukitazama huko. Yeye hupita hapa, na watoto wake hupita hapa. Tukikiondoa tutakuwa tumemkabidhi alichokuwa akikitafuta. Isitoshe, tangu Julai 2023 Rais Biden alipoitangaza sehemu hiyo kuwa kumbukumbu ya taifa, mzigo wa kuilinda si wa kaunti peke yake.

Mwenzangu bado anabisha. Safari ijayo tunashusha mzigo Greenwood, na nimemwambia tukimaliza asilale, twende wote.

Msomaji wenu,
Memphis, Tennessee