Kwa nini magoti yalikuuma

Shoga yangu Zuhura,

Pole sana na homa ya mafua. Siku tano kitandani si mchezo. Barua yako nimeisoma mara mbili, na swali lako halijanitoka: ikiwa kirusi kinakaa puani na kifuani tu, kwa nini magoti na mgongo viliuma kama vya mtu aliyeshinda shambani?

Kirusi hiki kimejaa miiba ya protini. Mmoja, hemaglutinini, hunasa aina ya sukari iliyo juu ya seli za njia ya hewa. Seli hukimeza yenyewe. Humo, ndani ya kifuko kilichokimeza, tindikali ikizidi, mwiba hujikunjua, utando wa kifuko hutoboka, na vipande 8 vya RNA, yaani maagizo ya kirusi ya kurithi, huenda hadi kwenye kiini cha seli kuzalishwa. Mwiba mwingine, nyuraminidasi, huikata ile sukari ili virusi vipya visinase mlangoni wakati wa kutoka. Dawa ya mafua iitwayo oseltamivir huzuia mkasi huo, ndiyo maana huanzwa mapema.

Sasa hapa ndipo ninapopapenda. Seli iliyovamiwa hupiga mbiu ya mgambo: hutoa intaferoni, na seli jirani zikiisikia hujifunga. Wanasayansi Isaacs na Lindenmann waliigundua London mwaka 1957 kwa kirusi hikihiki. Walikiua kwa joto, wakakigusisha na utando wa yai la kuku, na utando ule ukakataa virusi hai. Kirusi nacho kina protini iitwayo NS1, kazi yake kuiziba mbiu hiyo. Ikishalia, ujumbe huingia kwenye damu, ubongo hupandisha joto, misuli huuma, chakula hakipiti. Magoti yako, Zuhura, yaliumizwa na walinzi wako mwenyewe.

Kilichoniudhi ni kwamba uliuziwa antibayotiki siku ya kwanza, bila kupimwa. Haziui kirusi. Lakini njia ya hewa iliyochubuka hivyo bakteria huipenda. Wengi waliokufa katika janga la mafua la mwaka 1918 walimalizwa na nimonia ya bakteria iliyofuata. Kwa hiyo ukipata nafuu kisha homa ikarudi, au pumzi ikabana, nenda hospitali siku hiyohiyo, usingoje kesho.

Kikohozi kilichobaki kinaweza kuchukua wiki mbili au zaidi. Vile vinyweleo vya kusukuma makohozi vinaota upya.

Nisalimie mama, na umwambie uji wake usiuache.

Wako,
Mwanaidi