Tazameni mwezi kabla ya kulipia chumba

Mhariri,

Wanaoleta watoto Malindi likizo ya Desemba huulizia vyumba, hawaulizii kupwa na kujaa kwa bahari. Kushuka na watoto kwenye majabali ya Mnara wa Vasco da Gama hupangiwa siku kwa kutazama mwezi angani: siku moja au mbili baada ya kuandama au kuwa mpevu ni bamvua, siku za maji makuu, na maji hupwa sana kwenye saa nne, saa tano asubuhi. Kila siku saa hiyo huchelewa kama dakika 50.

Shukeni saa moja kabla, mpande mara maji yanapogeuka. Hujaa kwa nyuma yenu, kupitia mifereji ya mwamba, mtoto angali anachungulia kaa. Ndala hazifai, matumbawe ni wembe: raba za kamba. Na mkija miezi ya kusi, upepo wa katikati ya mwaka, msishuke kabisa.

Mwenyeji,
Malindi