Sigara si dawa ya utumbo

Mhariri,

Vijiwe vya kahawa hapa Ngamiani vina neno kwamba mwenye vidonda vya utumbo akiacha sigara anajitafutia balaa. Neno hilo lina nusu ya ukweli, na nusu hiyo ndiyo inayoponza watu.

Maradhi sugu ya uvimbe wa utumbo ni mawili makubwa. Crohn hushika popote, tangu mdomoni hadi njia ya haja kubwa, hasa mwisho wa utumbo mwembamba. Kolaitisi ya vidonda hukaa utumbo mpana tu. Kwa Crohn, sigara haina mtetezi. Mvutaji yuko hatarini kuupata karibu mara mbili ya asiyevuta, na akishaupata, ugonjwa huamka mara kwa mara. Aliyekatwa kipande cha utumbo akiendelea kuvuta, ugonjwa hurudi upesi, mara nyingi pale pale palipoungwa. Kupunguza idadi hakutoshi, ni kuacha.

Nusu ya ukweli ni ya kolaitisi. Mwaka 1982 madaktari wa Cardiff, Uingereza, waliandika kwamba wagonjwa wake wengi hawavuti, na wapo wanaougua baada ya kuacha. Baadaye ikajaribiwa nikotini, kile kilevi cha tumbaku, ya kubandika ngozini: baadhi walipata nafuu, lakini haikuzuia ugonjwa kurudi. Sigara yenyewe hakuna daktari atakayekuandikia, kwani moyo na mapafu ndivyo vitakavyolipa. Mwenye kolaitisi anayetaka kuacha amwambie daktari mapema, aendelee na mesalazini yake, dawa ya kutuliza uvimbe wa utumbo, na akiona damu chooni arudi hospitali, asikimbilie kiberiti.

Ugonjwa ni upi kati ya hiyo miwili, kijiweni hapajulikani. Kuujua kunahitaji kamera ya utumbo na kinyama kupimwa maabara. Na kwetu hapa TB ya utumbo hufanana mno na Crohn, amiba nayo hutoa choo cha damu. Mtu akianzishiwa prednisoloni, dawa ya kutuliza uvimbe, kabla TB haijachunguzwa, dawa hiyo hushusha kinga na TB hupata mwanya wa kusambaa.

Kwa anayetaka kuacha: akiwa huwasha sigara ndani ya nusu saa ya kuamka, chingamu ya nikotini inayomfaa ni ya miligramu 4. Asiitafune mfululizo kama jojo: aitafune mpaka iwashe, aibane kati ya shavu na fizi, iishe ukali, arudie. Na kahawa ikae kando dakika 15 kabla, maana asidi yake huzuia nikotini isipenye mdomoni.

Muuguzi,
Chumbageni, Tanga